Kivinjari Kilipokwama: Habari za Miaka ya Kwanza ya Intaneti Kwetu

Somo la Kumi na Nne. Maneno haya yalisomwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, mkoa wa Ruvuma.

Namwomba kiongozi wa kila darasa awasogeze watu karibu na redio. Mwenye daftari alifungue, kwa maana mwisho wa somo kuna maswali matatu ya kujadiliana.

Somo la leo limetokana na swali. Mama mmoja wa darasa la Mbesa alituuliza hivi: "Mjukuu wangu huniambia kila mara kwamba mtandao umekufa. Fedha zimekwisha katwa, na nilichotaka sikukipata. Je, mtandao hufa kweli? Na walioanza nao zamani, walifanyaje?"

Hilo ni swali zuri, tena ni swali la historia. Kwa hiyo tutalijibu kwa kurudi nyuma. Tutaona chombo cha kusomea kurasa za intaneti kilizaliwa wapi, kikafikaje kwetu, na kwa nini kilikuwa kikikwama. Halafu tutaona watu walijifunza nini.

Kwanza tujue jina. Chombo hicho huitwa kivinjari. Kuvinjari ni kuzunguka huku na huko ukitazama, kama chombo kinavyozunguka baharini. Basi kivinjari ni programu iliyo ndani ya kompyuta au simu, ambayo kazi yake ni kwenda kuleta kurasa kutoka mbali na kukuonyesha. Wengi huiita brauza. Chombo ni kile kile.

KIVINJARI KILIZALIWA WAPI

Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, alikuwa akifanya kazi katika kituo cha wataalamu wa sayansi kiitwacho CERN, karibu na mji wa Geneva, nchi ya Uswisi. Wataalamu wa pale walitoka nchi nyingi. Kila mmoja alikuwa na kompyuta ya namna yake, na habari zilizokuwa katika kompyuta hii hazikusomeka katika ile. Bwana huyu akatoa shauri kwamba habari zote ziandikwe katika kurasa za namna moja, na kila ukurasa uwe na njia ya kukupeleka ukurasa mwingine. Mwisho wa mwaka 1990 alikuwa amekwisha tengeneza kivinjari cha kwanza. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba kazi hiyo ni mali ya watu wote, na yeyote aweza kuitumia bila ya kulipa.

Mwaka huo huo wa 1993, huko Marekani katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marc Andreessen na Eric Bina walitoa kivinjari kilichoitwa Mosaic. Hiki kiliweza kuonyesha picha na maandishi pamoja katika ukurasa mmoja. Watu wakakipenda sana. Mwaka 1994 kikatokea Netscape, na mwaka 1995 kampuni ya Microsoft ikatoa chake, Internet Explorer. Ndipo mashindano makali yakaanza, na mashindano hayo yalituletea taabu ambayo tutaieleza baadaye.

INTANETI ILIFIKAJE KWETU

Sisi tulianza kwa barua kabla ya kurasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waganga wa baadhi ya hospitali za Afrika walipelekeana barua za kompyuta kwa msaada wa chombo kidogo kilichozunguka angani. Chombo kimoja cha namna hiyo, HealthSat-2, kilirushwa mwaka 1993. Hakikukaa mahali pamoja. Kilipita juu ya nchi, kikapokea barua, kikaondoka, kikarudi tena baada ya saa kadhaa. Mtu aliyeandika asubuhi alingojea kipite tena ndipo apate jibu. Mnaokumbuka barua za basi, zile alizopewa kondakta azipeleke Songea na kurudi na majibu, mtaelewa mara moja.

Mwaka 1994 vijana watatu wa Kenya waliosoma Marekani walianzisha kampuni ya Africa Online, ambayo baadaye ilieneza huduma katika nchi kadhaa za Afrika. Mwaka 1995 Tanzania ilipewa alama yake katika anwani za intaneti, nayo ni zile herufi mbili, tz, mnazoziona mwisho wa anwani. Kumbukeni pia kwamba televisheni yenyewe ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kwa hiyo watu wengi wa Bara walipata vioo viwili kwa miaka michache, kioo cha televisheni na kioo cha kompyuta.

Katikati ya miaka ya 1990 intaneti ikaanza kuuzwa Dar es Salaam, kisha mijini kwingine. Watu wachache sana walikuwa na kompyuta nyumbani. Wengine tulikwenda kwenye vyumba vya intaneti, tukakaa katika foleni, tukalipa kwa dakika. Hilo la kulipa kwa dakika tulishike vizuri, kwa maana ndilo lililofanya kila hitilafu iwe hasara.

SAFARI YA UKURASA MMOJA

Huwezi kujua baiskeli imeharibika wapi kama hujui mnyororo unazungusha nini. Vivyo hivyo, kabla ya kuzungumza juu ya kukwama, tufuate safari ya ukurasa mmoja hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kompyuta uliyoikalia, pamoja na kivinjari chake.

Hatua ya pili ni njia ya kutokea. Zamani ilikuwa waya wa simu. Kati ya kompyuta na waya palikuwa na kijisanduku kiitwacho modemu, ambacho kiligeuza herufi kuwa sauti ili zipite katika simu. Ndiyo maana kilipoanza kazi kilipiga kelele kama chuma kinachokwaruzwa.

Hatua ya tatu ni kutafuta anwani. Kompyuta hazijuani kwa majina, hujuana kwa namba. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni mpango wa kompyuta maalumu zinazojua jina fulani lina namba gani. Ni kama karani wa posta anayejua sanduku la kila mtu.

Hatua ya nne ni kompyuta ya mbali inayotunza ukurasa. Hiyo huitwa seva.

Hatua ya tano ni kurudi. Ukurasa hukatwa vipande vidogo, vipande vikasafiri, na kivinjari kikaviunga tena mbele ya macho yako.

Hatua ni tano. Basi mtu anaposema "mtandao umekufa," yafaa tumwulize, "Umekufa katika hatua gani?"

HITILAFU ZILIZOSUMBUA WATU

Sasa tuzitazame taabu zenyewe.

Ya kwanza ni ukurasa kuja polepole mno. Hapa tufanye hesabu kidogo. Modemu ya kawaida ya mwaka 1995 iliweza kupitisha herufi 3,600 kwa nukta moja, yaani sekunde moja. Karatasi moja ya maandishi yenye herufi 1,800 ilikuja kwa nusu nukta. Hiyo si taabu. Lakini picha moja yaweza kuwa na uzito wa herufi 54,000. Gawanya kwa 3,600, utapata nukta 15. Picha kumi ni nukta 150, yaani dakika mbili na nusu. Na kama mvua imenyesha, waya umeingia maji na mwendo umeshuka hadi robo, dakika mbili na nusu zinakuwa dakika kumi. Mtu hajasoma hata neno moja, na saa ya malipo inakwenda.

Waliofahamu hesabu hiyo walifanya jambo rahisi. Ndani ya kivinjari cha Netscape palikuwa na mahali pa kukizuia kisilete picha. Ukizizuia, maandishi huja peke yake upesi, na mahali pa picha hubaki visanduku vitupu. Asiyefahamu aliviona visanduku hivyo akadhani kompyuta imeharibika.

Miji mingi ya kwetu ilikuwa na kikwazo kingine. Intaneti ya nchi nzima ilipitia angani, kwenye setilaiti iliyo juu yapata kilometa 36,000. Ombi lako lilipanda kilometa 36,000 na kushuka nyingine 36,000, na jibu lilifanya safari hiyo hiyo. Jumla ni kilometa 144,000. Mawimbi ya redio huenda kilometa 300,000 kwa nukta, kwa hiyo kila kwenda na kurudi ni karibu nusu nukta. Ni kitu kidogo. Lakini ukurasa wenye vipande ishirini vinavyofuatwa kimoja kimoja huwa umesubiri karibu nukta kumi kwa ajili ya mwendo tu, hata kama waya wako ni mzima kabisa. Mhudumu wa chumba cha intaneti hakuweza kulitibu jambo hilo.

Taabu ya pili ni kukatika. Waya ulikuwa ule ule wa simu ya mazungumzo. Mtu wa chumba cha pili alipoinua simu ili azungumze na nduguye, sauti za modemu zilivurugika, na safari ikakatika. Dawa yake haikuhitaji fundi. Ilitosha kuwaambia watu wa nyumba hiyo wasiiguse simu.

Taabu ya tatu ni maandishi ya kutisha katika kioo. Yaliyojulikana zaidi yalikuwa na namba 404. Maandishi hayo yalikuwa ya Kiingereza, na watu wengi walipoyaona waliinuka wakaenda zao, wakiogopa kwamba wameharibu mali ya mwenyewe. Lakini 404 haina maana mbaya. Ni seva inayokuambia, "Nimekusikia, ila ukurasa unaoutaka haupo hapa." Tazameni jinsi maneno hayo yanavyotusaidia. Kama seva imejibu, basi kompyuta yako ni nzima, njia ni nzima, na anwani ya seva imeonekana. Kosa liko mwishoni tu: pengine umekosea herufi moja, au ukurasa umeondolewa. Lakini kivinjari kikisema hakuijua seva kabisa, ujumbe huo ni mwingine. Hapo jina lenyewe limekosewa, au yule karani wa anwani hakufikiwa.

Kwa sababu ya taabu hiyo ya lugha, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki katika kazi ya kutafsiri programu. Mwaka 2004 ilitoka programu ya ofisini kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Haikuwa kivinjari, lakini ilionyesha kwamba mashine yaweza kusema nasi kwa lugha yetu.

Taabu ya nne ni ukurasa wa jana. Ili kupunguza safari, kivinjari hujiwekea nakala za kurasa katika ghala lake. Ukiomba ukurasa ule ule, huweza kukutolea nakala ya ghalani badala ya kwenda mbali. Ni akiba nzuri. Lakini mtu anayengojea matokeo ya mtihani huweza kutazama ukurasa wa jana mara kumi, akaondoka akidhani matokeo hayajatoka. Dawa ni kukiamuru kivinjari kiulete ukurasa upya. Palikuwa na kitufe cha kazi hiyo, na hata sasa kipo, kama mshale uliojikunja.

Taabu ya tano ilitokana na mashindano niliyoyataja. Netscape na Microsoft kila mmoja alibuni madoido yake. Kimoja kilijua kuonyesha maandishi yanayowaka na kuzimika, kingine kikajua maandishi yanayokimbia kioo kizima. Watengenezaji wa kurasa wakafuata upande mmoja, na wengine wakaandika kabisa kwamba ukurasa huu utazamwe kwa kivinjari fulani. Ukiufungua kwa kingine, ulivurugika. Msomaji alidhani ni ujinga wake. Sivyo. Wakubwa walikuwa wakishindana, na hasara ilimwangukia aliyelipia dakika.

Taabu ya sita haikuonekana, nayo ilikuwa mbaya kuliko zote. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni alama ndogo iitwayo kuki. Ni kama kile kibati cha namba upewacho unapoacha mzigo, ili ukirudi ujulikane. Kwa kompyuta ya mtu mmoja ni msaada. Kwa kompyuta ya watu arobaini kwa siku ni hatari. Aliyesoma barua zake akaondoka bila ya kufunga, aliacha kibati mezani, na aliyefuata aliweza kusoma barua hizo kana kwamba ni zake. Kwa hiyo kanuni ni moja hata leo: usiondoke kwenye mashine ya watu mpaka umejitoa.

KISA CHA SAA ILIYORUDI NYUMA

Sasa niwape kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Mwaka 2011 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Mimi na mwenzangu mmoja tulisafiri mpaka mjini kujaza fomu za kuombea nafasi ya masomo, nazo zilijazwa kwa intaneti tu. Tulikuwa na nauli ya kurudi, fedha ya chakula cha siku moja, na fedha ya saa moja ya kompyuta.

Kurasa nyingine zilifunguka vizuri. Ukurasa wa fomu ulikataa. Kivinjari kiliandika kwamba mahali pale si pa kuaminika. Tukajaribu tena na tena mpaka saa yetu ikaisha. Mhudumu akasema mtandao umekufa, tujaribu juma lijalo. Mwenzangu alikata tamaa, akapanda gari la mchana kurudi kijijini. Mimi nililala kwa shangazi.

Asubuhi nilirudi. Alikuwepo mwalimu mmoja mzee aliyekuja kuchapisha mitihani. Nikamweleza. Hakugusa kitu. Alitazama pembe ya chini ya kioo, akaniuliza, "Kijana, leo ni tarehe gani?" Nikamtajia. Akasema, "Mashine yako haisemi hivyo." Kweli, saa ya kompyuta ilionyesha mwaka 2002.

Sababu ni hii. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo, kama sarafu, inayotunza saa umeme unapozimwa. Ikiisha nguvu, kila umeme ukikatika saa hurudi nyuma. Na kurasa za siri, kama zile za fomu na za benki, huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari kikiwa katika mwaka 2002 na kupewa cheti kilichoanza miaka mingi baadaye, hukiona ni cha uongo, kikakataa. Kilikuwa kikifanya kazi yake sawasawa. Kilidanganywa na saa.

Mwalimu akasahihisha tarehe. Ukurasa ukafunguka. Nikajaza fomu kwa dakika ishirini.

Mwenzangu sikumpata. Kijijini kwao simu zilishika kwenye kilima kimoja tu, na ujumbe wangu aliupata mlango wa maombi umekwisha fungwa. Akangoja mwaka mzima. Ndugu zangu, mwaka wa kijana wa kijijini si kitu kidogo. Na kilichouchukua mwaka huo ni betri moja ndogo, pamoja na neno moja la uvivu: mtandao umekufa.

MAMBO YALIVYOBADILIKA

Mwezi Julai 2009 waya mkubwa uliopita chini ya bahari, uitwao SEACOM, ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Safari ya kilometa 144,000 ikafupishwa sana. Netscape ilikwisha toweka, Firefox ilitoka mwaka 2004, Chrome mwaka 2008. Internet Explorer ilistaafishwa mwezi Juni 2022. Siku hizi watu wengi hubeba kivinjari mfukoni, ndani ya simu.

Lakini hatua zile tano bado zipo. Tarehe 12 Mei 2024 waya wa SEACOM na wa EASSy zilikatika, na Tanzania nzima ilisumbuka. Siku ile aliyesema hitilafu iko njiani alisema kweli. Siku nyingine kosa huwa katika simu yako, au katika tarehe, au katika herufi moja uliyokosea.

Basi mama yetu wa Mbesa, jibu lako ni hili. Mtandao hukwama kweli, lakini hukwama mahali. Mjukuu akisema umekufa, mwulize kwa upole: Je, kurasa nyingine zinafunguka? Kioo kinasema maneno gani? Tarehe ni sahihi? Simu ya jirani nayo inakataa? Maswali manne hayo hayahitaji cheti cha chuo. Na usikubali kulipa mara ya pili kabla hayajajibiwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja hatua tano za safari ya ukurasa. Kioo kikionyesha 404, ni hatua zipi ambazo ni nzima?

2. Modemu hupitisha herufi 3,600 kwa nukta. Picha yenye uzito wa herufi 36,000 itakuja kwa nukta ngapi? Na kama mwendo umeshuka hadi nusu?

3. Je, yuko mtu hapa darasani aliyepata hasara kwa kuambiwa mtandao umekufa? Aeleze, na darasa litafute hasara hiyo ilitokea katika hatua gani.

Kiongozi wa darasa aandike majibu, tutayasoma katika somo lijalo. Kwaherini, na usiku mwema.